Uliwatuma nini? Uchambuzi wa Jumamosi moja ya mvua

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali mjini Tanga. Kila andalio la somo ninaloandika huisha kwa nafasi mbili, tathmini na maoni, na hapo ndipo mwalimu anaposema ukweli kuhusu kipindi kilivyokwenda. Nyumbani sikuwahi kuandika tathmini. Safari hii naiandika kwa sababu Jumamosi mbili zilizofuatana, watoto wale wale, nyumba ile ile, mvua ile ile ya masika, zilipishana kama mbingu na ardhi, na sababu yake haikuwa ile niliyoidhania mwanzoni.

Binti yangu ana miaka 5 na ameanza shule mwaka huu. Anayemfuata ni wa kiume, ana miaka 3. Wa mwisho ana miezi 14, anatembea kwa kushika ukuta. Akiuachia huenda hatua nne tano, kisha huketi. Mke wangu ni muuguzi, na Jumamosi zote mbili alikuwa zamu ya asubuhi. Msichana anayetusaidia kazi alikuwa kwao Handeni kwenye msiba. Kwa hiyo nilibaki nao peke yangu tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni.

Jumamosi ya kwanza nitaieleza kwa ufupi. Mama yao aliondoka kwa kunyata watoto wakiwa wamelala, kama tulivyozoea, ili wasilie. Wa kati aliamka akamtafuta chumba hadi chumba, nyuma ya pazia, bafuni, na mpaka saa nne alikuwa bado anamuulizia. Niliwawashia katuni, nikakaa mezani na rundo la madaftari ya darasa langu. Kila baada ya dakika chache mmoja alikuja na shitaka: kaninyang'anya, kanisukuma, nina njaa. Chai ikamwagikia madaftari, nikapiga ukelele ambao jirani aliusikia, na binti yangu akajificha nyuma ya mlango. Hilo la kujificha bado linaniuma. Chakula kilikuwa tayari saa nane. Mdogo alipitiwa na usingizi saa kumi, mama yake akiwa ndiyo anaingia, na usiku hakulala mpaka saa tano.

Usiku ule nilimpigia simu mama yangu, yuko Pangani. Baada ya shikamoo na marahaba na hali za wajukuu, nilimsimulia siku ilivyokuwa. Sikupewa pole. Aliniuliza:

"Uliwatuma nini?"

"Sikuwatuma kitu, mama. Niliwawekea katuni nipate kufanya kazi."

"Basi ulikaa na wageni watatu kutwa nzima. Na hata mgeni, baba, siku ya tatu hupewa jembe."

Nililala nikiwaza neno hilo, kutuma. Nimekua nikitumwa. Niletee, nishikie, mpelekee shangazi yako, katazame kama mvua imekatika. Ndani ya kila agizo la namna hiyo mtoto anapata habari kwamba kuna mtu mzima anayemtegemea, tena kazi yenyewe ina mwisho unaoonekana: umeleta au hujaleta. Sara Harkness na Charles Super, watafiti waliofanya kazi miaka ya 1970 huko Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya, walikuta kwamba wazazi wa pale wakimsifu mtoto kwa akili, sehemu kubwa ya sifa hiyo ni kwamba anaweza kutumwa, na kwamba hufanya yanayohitajika nyumbani bila kukumbushwa. Nilisoma habari hizo chuoni nikaziona ni za mtihani. Ilibidi mama aniulize swali la maneno mawili ndipo niyakumbuke.

Wiki iliyofuata nilimweleza mke wangu. Wazo la kwanza lilitoka kwake, na katika yote tuliyofanya ndilo ninaloliona bora.

Jumamosi ya pili, saa kumi na mbili na robo, alimwamsha wa kati akamkalisha kitandani. Alimwambia anakwenda kazini kuhudumia wagonjwa, atarudi mvua ikatike isikatike, na kanga yake anamwachia amtunzie mpaka jioni. Mtoto alilia. Nilitazama saa ya ukutani, zilipita dakika tatu hivi. Kisha alijifuta machozi kwa kanga ile ile, akataka afungwe shingoni, akauliza kama uji upo.

Miaka yote tuliyoondoka kwa kunyata tulikuwa tunajipunguzia sisi wenyewe uchungu wa kusikia kilio. Mtoto tulimwachia mzigo mwingine. Mtu anayeamka akakuta mama hayupo bila kuaga anajifunza kwamba watu wazima hutoweka, na kazi yake ya siku nzima inakuwa kumlinda aliyebaki asitoweke naye. Ndiyo maana Jumamosi ya kwanza kila nilipoinuka, aliinuka. Nilikwenda jikoni, yumo. Nilifunga mlango wa choo, akaugonga. Nilimwita king'ang'anizi. Jumamosi ya pili alikuwa na kitu cha kulinda mkononi, nami nikapata nafasi.

Saa moja na nusu mvua ilishuka kwa nguvu. Muda si mrefu umeme ulikatika, kwa hiyo habari ya katuni ikaisha yenyewe, nitaigusia mbele. Nyumba yetu ya bati haina mfereji kamili, na masika tunakinga maji kwa ndoo chini ya upenu. Kwa kawaida kazi hiyo naifanya mwenyewe kwa haraka huku nikiwafukuza watoto wasilowe. Siku ile nilimpa binti kidumu cha lita 1, wa kati nikampa kopo, nikawaambia pipa la uani linahitaji kujaa.

Mdogo nilimbeba mgongoni kwa khanga nyingine, na ndoo zilizojaa nilizifunika kila mara. Hili nalisisitiza. Mtoto wa umri wake anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata kimo cha kiganja, kimya kimya, bila kupiga kelele. Maji na watoto wadogo ni furaha kubwa pale tu ambapo mtu mzima yupo hapo hapo, macho yakiwa kwao na mikono yake haina simu.

Walifanya kazi ile kwa karibu saa nzima. Binti alianza kuhesabu makopo. Alipofika kumi na tisa akaendelea bila kusita, "Kumi na kumi!" Mdogo wake akarudia, "Kumi na kumi!" Nilikaribia kumsahihisha, ni mazoea ya kazi. Nikajizuia, kwa sababu alichosema kina akili ndani yake. Hakuna aliyemfundisha kumi na kumi. Ameukamata mtindo wa kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, akaupeleka mbele kama unavyostahili kwenda. Mtoto anayekariri tu hawezi kukosea namna hiyo. Lilipokuja kopo lililofuata nilisema tu, kama anayeongea peke yake, "Ishirini hizo, na hili la ishirini na moja." Akanitazama, akalipima lile neno kimoyomoyo, akaendelea na ishirini na mbili.

Darasani nina watoto zaidi ya hamsini. Siwezi kuona kosa zuri kama lile likitokea, achilia mbali kulisubiri.

Saa nne kamili tulikunywa uji wa ulezi wenye kijiko cha siagi ya karanga. Nautaja muda kwa makusudi. Jumamosi ya kwanza mashitaka yalizidi kati ya saa nne na saa sita, nami niliyatafutia chanzo kwenye tabia zao, kumbe walikuwa na njaa. Tumbo la mtoto wa miaka mitatu ni dogo, halihifadhi chai na andazi la saa moja mpaka wali wa saa nane.

Kisha nazi, ambayo nusura iivuruge siku. Nilivunja nazi moja, maji yake nikayagawa kwenye vikombe vitatu, na wote wawili wakubwa wakataka kukaa juu ya mbuzi. Wakavutana, kanga ikavutwa, kilio kikaanza. Nazi ina vizio viwili, lakini mbuzi ni moja na meno yake ni makali. Nikawaambia kuna kazi mbili, ya kukuna na ya kukamua, na asiyekamua tui hali wali wa nazi nyumba hii. Binti alikaa mbele yangu juu ya mbuzi, viganja vyangu juu ya vyake, tukakuna kizio kimoja taratibu. Wa kati nilimpa kifumbu cha kukamulia tui na bakuli. Alikamua kwa mikono yote miwili, meno kayauma, tui likamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Mdogo wakati huo alikuwa sakafuni na mwiko. Niliangusha kifuniko cha sufuria, kikabiringika chini ya meza. Kabla sijainama alikwishatambaa, akakivuta, akaninyooshea. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha majaribio yanayofanana na hilo: mtu mzima anaangusha kitu, anajitahidi kukifikia anashindwa, na watoto wa miezi 18 wanamwokotea bila kuombwa wala kuahidiwa zawadi. Wangu hajafika hata umri huo. Nilimwambia "ahsante sana, baba," naye akakitupa kifuniko kile kile chini ya meza ili aniletee tena. Aliniletea mara sita.

Ndipo bakuli la tui zito la kwanza likapinduka. Wa kati alitaka kuniletea mwenyewe. Lilimwagika lote, sakafu nyeupe, na yeye akasimama akinitazama usoni kabla hata hajatazama chini.

Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na sisi walimu wa awali tunayajua maeneo yake matano kwa kichwa: afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho nimelieleza kwenye vikao vya wazazi mara nyingi, na kila mara naona nyuso zinanipotea. Lishe unaonyesha sahani. Afya unaonyesha kadi ya kliniki. Mwitikio unaonyesha nini? Sasa ninacho cha kuonyesha. Ni ile sekunde moja ambayo mtoto amemwaga tui na anasoma uso wako ajue yeye ni nani: mharibifu, au mfanyakazi aliyepatwa na ajali kazini. Wiki moja kabla, chai ilipomwagika, nilikwishatoa jibu baya. Siku ile nilivuta pumzi, nikasema, "Tambara liko nyuma ya mlango." Akakimbia kulileta. Alifuta vibaya, akalisambaza tui mpaka uvunguni mwa kabati, nami nikafuta tena baadaye asiponiona. Mchicha tuliupika kwa tui jepesi la pili. Hakuna aliyelalamika. Chicha waliwapelekea kuku wa jirani.

Kabla hatujaondoka jikoni wa kati aliniomba nimfungie fundo kwenye pindo la kanga. Alinigeuzia mgongo kwanza, akapanga anachokipanga, kisha akanipa pindo limekunjwa. Nikafunga bila kuuliza.

Tulikula saa sita na nusu: wali, mchicha, dagaa. Nikawalaza wawili wadogo mvua ikiwa bado inapiga bati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Ukiyapiga mahesabu hayo kwa watoto wanaoamshwa na adhana ya alfajiri, utaona kwamba usingizi wa mchana si anasa, na kwamba kumlaza wa miezi 14 saa kumi jioni ni kuuvunja usiku. Saa saba na robo wote wawili walikuwa wamelala.

Nikabaki na binti. Madaftari ya kusahihisha yalikuwa palepale kabatini, na mkono uliniwasha. Badala yake nilichukua karatasi zilizotumika upande mmoja, tukalala kifudifudi mkekani tukachora. Tulitegeana vitendawili viwili vitatu. Kisha tukanyamaza muda mrefu, yeye akipaka mnazi rangi ya zambarau.

"Baba, mimi siendi choo cha shule."

"Kwa nini, mama?"

"Shimo lake kubwa. Nitatumbukia."

Wiki sita nzima mtoto huyu alikuwa akirudi shuleni na hasira, anautupa mkoba, anampita bibi wa jirani bila shikamoo, anakimbilia ndani. Tulimgombeza. Tulisema shule imemharibu adabu. Tulimgombeza wiki sita kwa ukorofi ambao kumbe ulikuwa kibofu kilichojaa tangu asubuhi.

Nimejiuliza kwa nini alisema saa ile na si siku nyingine yoyote. Kila jioni huwa namuuliza, "Shule vipi leo?" naye hujibu, "Nzuri." Naamini jibu liko katika namna tulivyokaa. Hatukutazamana, wote tulitazama karatasi. Hakuna aliyekuwa akimhoji. Na asubuhi nzima alikuwa mtu wa msaada kwangu, amejaza pipa na kukuna nazi, kwa hiyo kunieleza udhaifu wake hakukumfanya mdogo. Hilo la mwisho ni maoni yangu, siwezi kulithibitisha, lakini nikiulizwa ni kitu gani siku ile ilizaa, nitataja hilo kabla ya yote.

Jumatatu mama yake alizungumza na mwalimu wa darasa. Walikubaliana aende na mwenzake wakati wa mapumziko, mwalimu akisimama karibu. Nami asubuhi hiyo hiyo nilikwenda kwenye choo wanachotumia watoto wa darasa langu mwenyewe, nikachuchumaa, nikalitazama tundu kwa kimo chao. Miaka tisa nafundisha pale, sikuwahi kufanya hivyo.

Sasa tathmini. Maelezo rahisi ni kwamba umeme ulikatika, katuni hazikuwepo, ndiyo maana siku ikawa nzuri. Siyakubali. Zimewahi kupita siku nyingine bila umeme nyumbani kwetu, zikawa mbaya kuliko zile zenye katuni, kwa sababu niliwanyima televisheni bila kuwapa nafasi popote pengine. Pia lazima niseme kwamba Jumamosi ya kwanza mdogo alikuwa na mafua, na mtoto mwenye pua iliyoziba humtesa kila mtu. Sehemu ya wema wa siku ya pili ilikuwa bahati ya afya tu.

Gharama nayo ipo. Kazi niliyoimaliza na watoto kwa saa tatu, peke yangu ningeimaliza kwa saa moja. Nguo hazikufuliwa. Madaftari nilisahihisha usiku kwa mwanga wa simu. Mzazi anayekaanga mihogo barabarani ili watoto wale hawezi kuamua leo nitakwenda polepole, na simwandikii yeye maneno haya kama fundisho. Ingawa nimeona akina mama wengi wa sokoni Ngamiani wakifanya jambo hili vizuri kuliko mimi: mtoto kakaa kwenye gunia, kapewa vitunguu avitenge vikubwa na vidogo.

Na kutuma kuna mpaka. Mtoto wa miaka 5 simtumi dukani ng'ambo ya barabara, wala karibu na jiko lenye moto. Akichoka anaacha, na akikosea haadhibiwi, vinginevyo tunakuwa tumerudi kwenye utumikishaji. Mpaka mwingine unanihusu mimi zaidi. Katika nyumba nyingi, na yetu imo, anayetumwa ni binti. Anabebeshwa mdogo, anaosha vyombo, kaka yake anaambiwa kacheze. Nilipopitia siku ile kichwani niligundua kwamba kifumbu nilimpa wa kati kwa sababu tu mbuzi ilishakaliwa. Kama si ugomvi, angetazama. Tangu hapo kukamua tui ni kazi yake, naye huwaambia wageni hivyo.

Mvua ilikatika saa tisa. Walicheza matope uani, nikawaogesha kwa maji ya pipa waliyoyajaza wenyewe, na binti hakuacha kulitaja hilo.

Saa kumi na dakika kadhaa lango lililia. Wa kati alitoka mbio na kanga shingoni, imelowa, inanuka nazi, ina matope ya kiganja chake. Mama yake alichuchumaa mlangoni, bado na viatu vya kazi. Mtoto hakumkumbatia kwanza, aliivua kanga, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwonyesha fundo.

Lilikuwa limekaza kwa unyevu, likamchukua muda kulifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha nazi, kimeng'atwa kidogo pembeni.

"Mbona hukumaliza?"

"Nilikuwekea."

Alikila hapo hapo kizingitini, kabla hajavua viatu.